Miti ya Picha

Simu ya Athumani ilinikuta dukani kwangu Nakuru, nikipanga magunia ya chakula cha kuku. Athumani ni mdogo wake Saida. Aliniambia dada yake amefariki alfajiri, wamemzika baada ya alasiri, na kwamba watu watakuwepo nyumbani Kaloleni kwa siku chache kama ningependa kuja. Nilimshukuru, nikamaliza kupanga magunia, nikafunga duka. Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mjini Kisumu, leso kichwani, katikati ya wanawake ambao wengi wao sikuwajua. Chumba kilinukia udi na chai ya tangawizi. Kila mlango wa uani ulipofunguliwa, joto liliingia pamoja na kelele za sufuria, na sinia la mahamri likapitishwa juu ya vichwa vyetu. Pembeni yangu wawili walikuwa wakinong'ona. Mmoja alisema ile barabara ya kuteremka ziwani inapandwa miti tena. Alikuwa ameona lori asubuhi, limebeba miti mirefu iliyofungwa magunia kwenye mizizi. "Safari hii mji utapendeza," akasema. Mwenzake akakubali, akasema jua la pale linataka kivuli. Bibi mmoja mwenye miwani mizito akaniegemea. "Na wewe mama, mulijuana wapi na marehemu?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, tulikuwa tunatunza miti. "Miti gani?" akauliza, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu. Nikapokea sinia la mahamri, nikampitishia. Haukubaki hata mmoja ambao ningemwelekeza akauone.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa msichana niliyetoka chuo cha kilimo juzi juzi, na cheti changu, na imani kwamba mmea ukipewa udongo, maji na nafasi hauna sababu ya kufa. Imani hiyo niliipata kwenye mashamba ya chuo, ambako vyote vitatu vilikuwepo. Kampuni iliyonichukua ilikuwa imepewa kazi ya kupamba barabara ile kuanzia juu madukani hadi chini kwenye maji; ilikwisha kufa zamani na jina lake halina faida hapa. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya maghala ya zamani, karibu na reli, mahali ambapo ukisimama kimya ungesikia ziwa likipiga mawe. Kulikuwa na safu za miche chini ya wavu mweusi, tangi la maji lililokuwa likivuja upande mmoja, na stoo ya mabati yenye vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha majembe na mbolea. Cha pili kilikuwa cha Mzee Obura, msimamizi wetu, mjane mwenye sauti nzito iliyotoka polepole, ambaye alilala humo humo na kupika humo humo. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Awasi, akaacha kabisa kutumia jina langu. Nikawa Nyar Awasi, binti wa Awasi, mpaka siku ya mwisho.

Saida alifika wiki ile ile niliyofika mimi. Nakumbuka alisimama mlangoni akiwa ameshika viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope, akaniangalia kuanzia juu hadi chini. "Wewe ndiye daktari wa miti?" akauliza. Nikamwambia labda. "Basi mimi ndiye nesi," akasema, akaingia. Alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kugombana, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu. Kabla ya mchana kwisha nilikuwa nimejua kwamba mumewe aliondoka na lori kwenda Uganda na hakurudi, na kwamba ana binti mdogo anaitwa Zuhura, anayekaa na mama mkwe wake. Mama mkwe huyo, Mama Hadija, aliuza nguo za mitumba sokoni Kibuye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwambia Saida waziwazi: siku utakapopata kazi ya kueleweka na chumba chako mwenyewe, njoo umchukue mtoto wako. Na Injinia, kijana mtulivu aliyekuwa mkubwa wa kazi yote ile, alituambia siku ya kwanza mbele ya Mzee Obura kwamba miti ikishika, ikafika mvua ya masika ya mwaka unaofuata, sisi wawili tutaandikwa kazi ya kudumu ya kuitunza. Saida aliyarudia maneno hayo njiani kama mtu anayejifunza sala. Masika kwa masika, alisema. Mwaka mmoja. Mtoto hasahau mama kwa mwaka mmoja.

Tulipanda mvua zilipokuwa nyingi. Sijawahi kuona udongo kama ule. Chini ya matofali ya kandokando ya barabara kulikuwa na kokoto, chini ya kokoto changarawe nyekundu ya murram iliyoshindiliwa na magari makubwa mpaka ikawa kama sakafu, halafu vipande vya saruji, chupa, waya, soli ya kiatu cha mtoto. Chini kabisa ndipo ulipoanza udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua ikinyesha unashika mguu na jua likiwaka unapasuka hadi unaingiza mkono. Wanaume walichimba kwa mtaimbo na sururu, wakatoa mashimo ya mraba yenye kuta laini kama za chungu, na ndani yake tukatia udongo mzuri wa kitalu na kuweka miti: jakaranda, kifabakazi, mitende ya mapambo, na zile ashoka ndefu zinazosimama wima kama askari. Siku ya pili nilimfuata Injinia nikamwambia mashimo haya ni madogo, kwamba yangefaa yawe mtaro mmoja mrefu ili mizizi ipate pa kwenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Najua," akasema. "Niliandika hivyo hivyo. Wakaniambia barabara ni ya magari." Nikamwambia Mzee Obura, na yeye akasema anajua. Baada ya wiki chache hata Saida, ambaye hakuwa amewahi kupanda chochote ila mchicha wa uani, aligonga ukuta wa shimo kwa ncha ya jembe, akasikiliza ule mlio, akanitazama. Nimekuwa nikisikia maisha yangu yote kwamba tatizo la watu wetu ni kutojua. Katika kazi ile hakuna aliyekuwa hajui.

Miezi ya kwanza ilitudanganya. Mvua ilifanya kazi yetu, majani mapya yakatoka, na watu waliokuwa wakipita na baiskeli walipunguza mwendo kuangalia. Tulikula chakula cha mchana ndani ya stoo, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mbolea, mlango wazi. Mzee Obura alipika yeye mwenyewe kwenye jiko la makaa: nyoyo ya mahindi na maharagwe siku nyingi, dagaa wa omena siku nyingine, na siku alizokuwa na furaha samaki wa ngege mzima aliyemkata kwa kisu cha kupandikizia miche. Saida alileta pilipili yake katika kichupa cha dawa. Mzee alipenda kusimulia habari za mji ulivyokuwa, na mara nyingi habari zenyewe zilikuwa za miti: hapa palikuwa na mivinje, pale palikuwa na jakaranda kubwa watu wakinyolewa chini yake. "Iko wapi sasa?" Saida angeuliza. "Ilitoka," mzee angejibu, kama vile miti ilikuwa imeondoka yenyewe kwenda kutafuta kazi. Siku moja alituambia ile barabara yetu alishaipanda yeye mwenyewe zamani, zaidi ya mara moja, chini ya wakubwa tofauti. Aliyasema hayo akiwa anachambua miiba ya samaki. Mimi niliyachukua kuwa ni majigambo ya mtu mzima.

Mvua zilipokatika tulianza kuelewa. Jua la Kisumu wanaliongelea wanaoliona kwa kupita tu; sisi tulilijua jinsi lilivyokuwa likigonga vioo vya madukani na kurudi, likigonga lami na kurudi, hata mti uliosimama katikati ukawa unapigwa pande zote. Majani ya ashoka yalianza kuungua kwenye ncha, hudhurungi kama karatasi iliyopitishwa motoni. Vijana wa kuosha magari walimwaga maji ya sabuni na mafuta kwenye mashimo, wakidhani wanatusaidia. Wachoma mahindi walitegesha majiko yao kwenye kivuli kidogo kilichokuwepo, na upande ule wa shina ukakauka. Watu wa umeme walikuja na panga wakakata vichwa vya jakaranda zote za upande wa kushoto, kwa sababu siku moja zingefika kwenye nyaya. Mbuzi walikuwa na ratiba yao. Mimi na Saida tulisukuma mkokoteni wa madumu kupanda na kushuka, tukiupa kila mti maji yake, na maji yale yalizama kidogo, yakafika kwenye ule ukuta mgumu, yakasimama. Kwa hiyo baadhi ya miti ilikufa kwa kiu na jirani yake ikaoza mizizi kwa maji mengi, na kwa juu yote ilionekana ina ugonjwa mmoja.

Kulikuwa na kifabakazi kimoja mbele ya duka la vifaa vya umeme ambacho kilikuwa kimeshika vizuri kuliko vingine. Asubuhi moja tulikikuta kimechubuliwa gome pande zote, na udongo wake unanuka maji ya betri. Saida aliingia dukani kabla sijamzuia. "Ni nani ameua mti wangu?" Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mpole, na hakukana. "Dada, kaa chini," alisema. "Huo mti unaficha jina langu. Watu wanapita hapa, hawanioni. Mimi niko na watoto." "Na mimi nina mtoto!" Saida akapiga kelele. "Mti huu ndio mtoto wangu, unaelewa? Huu hapa!" Yule mtu hakuelewa, angeelewaje. Alimpa kiti. Alimpa soda. Saida alikaa akainywa huku machozi yakimtoka, na mwenye duka akasimama kando yake akiwa ameshika kifuniko cha chupa, akirudia, "Pole, dada. Pole sana." Sijui kama nimewahi kuona watu wawili wasio na ubaya wakiumizana kiasi kile.

Ni Mzee Obura aliyetoa wazo la magugu maji. Mwaka ule yalikuwa yamefunika ghuba, kijani mpaka macho yanapoishia, mashua zimekwama ndani yake, na hakuna aliyeyataka. Tulishuka asubuhi tukayavuta kwa reki, tukayatandaza nyuma ya stoo yakauke, kisha tukayalaza kwenye mashimo kuzunguka mashina ili unyevu usikimbie. Yalisaidia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda wa kama mwezi hivi, chini ya ule mkeka wa magugu, udongo ulibaki baridi hata saa nane mchana, na ile miti ambayo haijafa iliacha kufa. Jioni tulipita tukiingiza mikono chini kupima, na Saida aliacha mkono wake humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jumapili moja alinichukua Kibuye nikamwone Zuhura. Tulimkuta amekaa juu ya rundo la makoti ya mitumba, anakula muwa. Alimwita Saida mama, lakini alipoanguka na kuumia goti alimkimbilia Mama Hadija, na Saida, aliyekuwa ameshapanua mikono, akajifanya anakung'uta vumbi kwenye koti.

Mazungumzo yaliyobadilisha mambo tuliyasikia mchana, wakati wa joto, tukiwa nyuma ya stoo tunageuza magugu. Injinia alikuwa ameingia kumwona mzee, na mabati hayafichi kitu. "Mzee, nakuambia kwa heshima," alisema. "Usiwachoshe hawa wasichana na mikokoteni. Hiyo barabara itapanuliwa. Ramani iko tayari." Mzee akauliza lini. "Baada ya wageni. Wageni wakubwa wanakuja kufungua barabara. Wataona kijani, watapiga picha, wataenda. Halafu matingatinga yanaingia." Mzee tena: "Na miti?" "Miti ni ya picha, mzee." "Basi waambie." "Nikiwaambia, nani atamwaga maji mpaka hiyo siku?" Tulisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Mimi nimepanda hii barabara mara mingi," Mzee Obura akasema. "Lakini hawa wako na kitu wanangojea. Ulisema utawaandika." Na Injinia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli, akajibu, "Nilisema kile niliambiwa niseme. Hata mimi niko na kitu nangojea, mzee."

Nilimtazama Saida. Nilidhani ataingia mle ndani kama alivyoingia duka la umeme. Aliendelea kugeuza magugu kwa reki, upande ule, upande huu, mpaka Injinia alipowasha pikipiki yake na kuondoka. "Umesikia?" nikamwuliza. "Nimesikia." Siku ile tulipoketi kula, Mzee Obura alitupa sisi vipande vyote viwili vya samaki na yeye akabaki na mchuzi. "Mulisikia," alisema. "Mimi sina maneno. Kula, Nyar Awasi. Kula, Saida." Alikuwa na mikono mikubwa yenye nyufa, na siku ile haikujua pa kukaa, aliiweka magotini, akaishusha, akaishika tena. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka mingi kwa nini hatukuacha kazi kesho yake. Mimi nilibaki kwa sababu ya Saida. Saida alibaki kwa sababu alikuwa ameshafikiri mbali kuliko mimi. Tulipokuwa tunasukuma mkokoteni kupanda mlima wa madukani aliniambia, bila kunitazama, "Kama ni picha, hata mimi nina picha yangu ya kupiga. Nitamleta mama mkwe siku hiyo. Aone. Akishanipa mtoto, hataninyang'anya tena." Nikamwuliza atamlisha nini kazi ikiisha. "Nikishakuwa naye mkononi," alisema, "nitajua."

Kabla ya wageni kulikuja amri ya kuondoa magugu yote kwenye mashimo kwa sababu yananuka na hayapendezi. Tuliyatoa kwa mikono yetu. Mahali pake tukaweka mawe yaliyopakwa chokaa, na mashina nayo yakapakwa chokaa mpaka magotini. Jua la wiki ile lilikuwa kali, na siku chache zilitosha. Miti tuliyokuwa tumeiokoa ikaanza kuinamisha majani. Asubuhi ya sherehe lori likaja na mitende na ashoka nzuri, nene, za kung'aa, zilizoazimwa mahali fulani mbali. Tuliambiwa tuiweke penye mapengo pamoja na karatasi zake za plastiki, tusizichane, tufunike udongo juu tu. "Wacheni na karatasi," Mzee Obura alisema kwa sauti ya chini alipokuwa anapita kati yetu. "Wacheni vile iko." Kufikia saa nne barabara ilikuwa nzuri. Siwezi kusema vinginevyo. Kuanzia juu madukani hadi kwenye maji ilikuwa na safu mbili za kijani, mawe meupe, bendera, na bendi ya shule ikipiga, na mimi niliyejua kila kilichokuwa chini yake nilihisi kifua kinanijaa.

Mama Hadija alikuja amevaa vizuri, na Zuhura alikuwa na gauni la manjano lenye mshipi. Saida alikuwa amefua ovaroli yake na kuipiga pasi. Aliwatembeza taratibu nyuma ya umati, akimshika mtoto mkono. "Huu ni wangu," alisema, akigusa ashoka ya kuazima. "Na huu. Na ule pale." Zuhura aliuliza mti unazaa nini. "Hauzai kitu, mwanangu. Ni wa kupendeza tu." Mtoto akafikiri, akauliza, "Na wewe unaulipia nini?" akimaanisha unaufanyia nini, na wote tukacheka, hata Mama Hadija. Yule mama alisimama muda mrefu akiangalia barabara yote. "Kumbe ni kazi ya kweli," alisema. Halafu akasema yale tuliyoyangojea: "Mvua ikianza nitamleta mwenyewe, na nguo zake." Saida hakuruka wala kupiga vigelegele. Alisema, "Ahsante, mama," akainama kumfunga mtoto mshipi wa gauni uliokuwa umefungwa vizuri.

Kesho yake lori lilirudi kuchukua miti yake. Sisi ndio tuliotumwa kuitoa. Ilitoka kirahisi sana. Unashika shina, unavuta, karatasi inateleza, basi. Wanawake wa Kibuye hupita barabara ile asubuhi na jioni wakiwa na mizigo, na Mama Hadija alikuwa mmoja wao; hakuna aliyehitaji kumsimulia. Alikuja kitaluni mwenyewe kabla ya wiki kwisha. Mzee Obura alimpindulia ndoo akakaa, akampa chai, naye akainywa yote kabla ya kusema. "Saida, mimi sikuchukii," alisema. "Mwanangu alikukosea, najua. Lakini ulinionyesha miti ya kuazima. Nikikupa mtoto, utamwonyesha nini?" Saida alikuwa amesimama kando ya tangi linalovuja, na maji yalikuwa yakimlowesha bega bila yeye kusogea. Mimi nilitaka kusema kwamba miti mingine ilikuwa ya kweli, kwamba iko miwili mitatu bado imesimama, aende akaione. Mzee aliniangalia nikanyamaza. Zuhura alipelekwa Katito kwa shangazi yake akaanza shule huko, na akakua akimwita Saida anti. Alikuwepo chumbani siku niliyokwenda kutoa pole, mwanamke mzima, mnene kidogo, anayefanana na mama yake kwenye paji la uso. Alipokea pole zetu kwa adabu, kama mtu anayemshikia kiti mwingine aliyetoka mara moja.

Watu wanaponiuliza kwa nini kwangu Nakuru hakuna hata mti mmoja, na mimi nauza mbolea na dawa za mimea, huwa nasema kiwanja ni kidogo. Ni kweli ni kidogo. Nilikuwa na muda wa kuufikiria mwaka ule kutoka kila upande, na watu wazuri kanisani wamenisaidia kutafuta somo ndani yake, lakini sikulipata. Tulifanya bidii. Tulipendana. Kila mtu alijua kinachotakiwa. Nilipokuwa kijana niliamini mambo hayo matatu yakikutana kitu fulani lazima kitoke, na mwaka ule ndio ulionitoa kwenye imani hiyo, na sijapata nyingine ya kuweka mahali pake.

Matingatinga yalikuja kabla ya mvua, kama Injinia alivyosema. Injinia mwenyewe hakuja, alikuwa amehamishwa. Mzee Obura alikaa kitaluni akasema mgongo unamuuma. Mimi na Saida tulitumwa tukusanye mashina na matawi yaliyong'olewa, tuyapange pembeni ili wapishi wa wafanyakazi wa barabara wapate kuni. Tulifanya kazi hiyo toka asubuhi, tukisogea nyuma ya mtambo, tukiinua na kupanga, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Karibu na benki kulikuwa na jakaranda moja ambayo haikuwa imeguswa na mtu yeyote, wala mbuzi wala watu wa umeme. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na ilikuwa imetoa maua machache ya zambarau mwishoni mwa mwaka. Tingatinga liliiinua, ikatoka na bonge lake zima na kuanguka ubavu mbele yetu. Udongo ulidondoka, na mizizi ikabaki wazi. Ilikuwa na umbo la shimo. Ilikuwa imekwenda mpaka kwenye ukuta, ikageuka, ikafuata ukuta mpaka pembe, ikageuka tena, ikajizungusha juu yake yenyewe mara nyingi, minene, imekazana, na hakuna hata mmoja uliokuwa umepenya kutoka nje. Pale juu tulikuwa tumeona maua.

Saida alichuchumaa akaushika mzizi mmoja kwa vidole, akajaribu kuufungua. Haukufunguka. Dereva wa tingatinga alituita tupishe, hatukusikia.

"Kwa hiyo hata kama wangeiacha?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. "Hata kama wangeiacha," nikamwambia. "Labda mwaka mmoja. Labda miwili. Ingejinyonga."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa anakwenda kununua. Kisha akanyanyuka. Kwenye mkokoteni kulikuwa na dumu moja ambalo tulikuwa tumelijaza asubuhi kwa mazoea, bila kufikiri. Alilifungua, akavua viatu, akajimiminia maji miguuni, kwanza mmoja, halafu mwingine, akisugua vidole taratibu mpaka vumbi likaisha. Akanimiminia na mimi. Maji yalitiririka juu ya lami, yakafika kwenye shimo tupu, yakaingia. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kuangalia yanakwenda wapi. Alishika viatu vyake mkononi, akapanda barabara kuelekea nyumbani, na mimi nikabaki kupanga kuni.